Nilipeleka maji kwa waandamanaji wa Khartoum. Je, nina fungu katika damu ya Sudan?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, Sheikh. Mimi ni Mtanzania. Nilisoma Khartoum mpaka vita vilipoanza Aprili 2023, tukaondoshwa kwa mabasi kupitia mpaka wa Ethiopia. Mwaka 2019, watu walipopiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi, mimi na swahiba wangu wa chumbani, binti wa Omdurman, tulikuwa tukiwapelekea maji na tende za kufuturu. Juzi nimesikia mawaidha, mhadhiri akasema maandamano yote ya nchi za Kiarabu ni uasi uliozaliwa na mtu aliyejiua Tunisia, waliokufa humo wamekufa kifo cha kijahilia (kama cha watu wa kabla ya Uislamu), na kila aliyewasaidia ana fungu lake katika damu inayomwagika leo. Tangu siku hiyo usingizi haunijii. Nitubie nini? Na swahiba wangu sina habari zake tangu 2023. Je, nimswalie? Nguo yake, toub la Kisudani, nilitoka nalo begani siku ile ya kukimbia.

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh, mwanangu. Pole sana kwa uliyoyapitia, na Allah akurudishie utulivu wa moyo.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Mtume (s.a.w.) amesema mwenye kumfuturisha aliyefunga hupata ujira mfano wa ujira wake, na hapunguziwi mfungaji chochote. Maji yako na tende zako zimo humo. Dhambi ya bunduki ina mwenyewe. Katika Suratul An'aam, aya ya 164, Mwenyezi Mungu anasema mbebaji habebi mzigo wa mwengine. Vita vya tarehe 15 Aprili 2023 vimewashwa na majenerali wawili, Burhan mwenye jeshi la nchi na Hemedti mwenye kikosi cha wanamgambo cha RSF, waliokuwa pamoja walipopindua serikali ya mpito Oktoba 2021, kisha kila mmoja akakataa kuwa chini ya mwenzake. Watu uliowapelekea maji walikuwa wakidai utawala wa kiraia. Sasa vipi mzigo wa majenerali utwikwe kichwa cha binti mwenye ndoo ya maji?

Tuje kwenye neno "uasi". Mhadhiri amelitumia kama watu wanavyolitumia barazani, ila katika fiqhi lina mipaka yake. Sisi watu wa pwani ni Mashafii, na kitabu tulichokalia mkeka kukisoma ni Minhaji ya Imam Nawawi. Humo, muasi (baaghi) ni anayemtoka imamu, akaacha kumtii au akazuia haki iliyomlazimu, kwa sharti watu hao wawe na nguvu ya kupigana, wawe na hoja wanayoitegemea, na wawe na kiongozi wanayemtii. Nguvu hapo ni ile inayomlazimu mtawala kukusanya askari ili awarudishe. Muuza chai, daktari, mwanafunzi na mama aliyekaa chini na bendera mkononi, wana nguvu gani ya namna hiyo?

Na hata wangekuwa waasi wa kweli, kuna sentensi humo ambayo marehemu mwalimu wangu aliisoma mara tatu, kisha akafunga kitabu na darsa ikaishia hapo. Inasema waasi hawapigwi vita mpaka imamu awapelekee kwanza mtu mwaminifu, mwerevu, mwenye kuwatakia kheri, awaulize wanachukia nini. Wakitaja dhuluma, aiondoe. Sayyidna Ali (r.a.) alifanya hivyo kwa Makhawariji, kundi lililomtoka, alimtuma Ibn Abbas akakaa nao, akajibu hoja zao moja moja, na wengi wakarejea. Tena fiqhi hiyo hiyo inasema anayekimbia hafuatwi, na majeruhi hamaliziwi.

Watu wa Khartoum walipelekewa nani? Walikuwa na dhuluma ya kutaja. Ghadhabu ilipanda Atbara Desemba 2018, mkate wa pauni moja ulipofikishwa pauni tatu. Alfajiri ya tarehe 3 Juni 2019, Ramadhani ikiwa ukingoni na Idi inasubiriwa, waliingiliwa kwa risasi. Madaktari walihesabu waliokufa zaidi ya 100, na maiti nyingine zilitolewa mtoni Nile. Aliyefunga, hana silaha, akauawa alfajiri kwa kuwa amedai haki yake, mimi siwezi kufungua kinywa changu nikasema amekufa kifo cha kijahilia. Hadithi hiyo ni sahihi, ipo kwa Imam Muslim, nayo inamhusu aliyetoka katika utiifu, akafarikiana na jamaa ya Waislamu, na yule anayepigana chini ya bendera ya upofu kwa ajili ya ukabila wake. Na Bashir, aliyeitawala Sudan miaka 30 baada ya kuipindua, tarehe 30 Juni 1989, serikali iliyochaguliwa na watu, waliomtoa kwa nguvu tarehe 11 Aprili 2019 ni majenerali wake mwenyewe. Mbona mawaidha hayakuwagusa?

Sitaki uelewe kwamba nafungua mlango wa silaha. Hapo niko pamoja na wanaotahadharisha. Mtume (s.a.w.) alichukua ahadi kwa Maswahaba, kama alivyopokea Ubada bin Samit, kwamba wasigombanie mamlaka na wenyewe mpaka waone ukafiri wa wazi wenye hoja kutoka kwa Allah. Na umma ulijifunza kwa uchungu. Ibn al-Ash'ath alipoinuka kumpinga Hajjaj, gavana wa Iraq zama za Bani Umayya, wanazuoni wakubwa waliingia naye, akiwemo Sa'id bin Jubayr na Sha'bi. Wakavunjwa katika vita vya Dayr al-Jamajim, na Sa'id akaja kuuawa na Hajjaj mwaka 95 Hijria. Hasan al-Basri alikuwa amewakataza. Tazama Syria. Ilianza Machi 2011 huko Dar'a, kwa watoto walioandika ukutani wakakamatwa na kuteswa. Serikali ikajibu kwa mauaji, silaha zikaingia, na mpaka Assad anakimbia tarehe 8 Desemba 2024 mamia ya maelfu walikuwa wameshakufa. Wa kwanza kuulizwa damu hiyo ni yule aliyewapiga risasi watu wasio na kitu mkononi. Lakini mwenye kumshauri kijana ashike bunduki, naye ajiandae kuulizwa ameona wapi mwisho wake.

Kuna wanaodhani kukataa upanga maana yake ni kunyamaza. Mtazame Imam Ahmad bin Hanbal. Mafakihi wa Baghdad walimwendea zama za Wathiq wakitaka kumpinga khalifa, akawaambia wamche Allah katika damu zao na damu za Waislamu. Huyo ndiye aliyekwishafungwa na kuchapwa mijeledi ili atamke kuwa Qur'ani imeumbwa, naye hakutamka. Mkono wake haukubeba upanga, na ulimi wake haukumpa mtawala alichotaka. Mtume (s.a.w.) ameuita jihadi bora ule ulimi unaosema neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Na katika Suratun Nisaai, aya ya 148, Allah hapendi maneno mabaya yapaaziwe sauti, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa.

Ni kweli wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu maandamano yenyewe. Machi 2011 baraza la wanazuoni wakuu wa Saudia lilisema ni haramu, na wiki chache kabla yake Sheikh Qaradawi alikuwa amekhutubia Ijumaa uwanjani Tahrir, Misri. Nionavyo, maandamano yasiyo na silaha, wala uharibifu wa mali, wala maasi, ni njia ya kufikisha malalamiko, na hukumu yake hufuata yanayodaiwa na yanayotarajiwa kutokea. Anayeona yana madhara zaidi ana haki ya kuona hivyo. Kuwapeleka maiti Motoni kwa suala la ijtihadi, yaani la rai ya wanazuoni, hiyo haki hana.

Amebaki kijana wa Tunisia. Mohamed Bouazizi, mchuuzi wa matunda wa Sidi Bouzid, alinyang'anywa bidhaa na mizani yake, akaenda kulalamika, hakusikilizwa, akajichoma moto tarehe 17 Desemba 2010. Alifariki Januari 4, na siku kumi baadaye Ben Ali akaikimbia nchi aliyoitawala miaka 23. Kujiua ni haramu, na Al-Azhar walilisema hilo wakati ule ule wengine walipoanza kumuiga. Mtu asimfanye kigezo. Lakini Imam Muslim amepokea habari ya mtu aliyehajiri Madina pamoja na Tufayl bin Amr, akaugua, akashindwa kustahamili, akajikata viungo vya vidole mpaka akafa kwa kutoka damu. Tufayl akamuota yuko katika hali nzuri, ila mikono ameifunika. Akamwambia Mola wangu amenisamehe kwa kuhajiri kwangu, lakini nimeambiwa hatutakutengenezea ulichokiharibu mwenyewe. Mtume (s.a.w.) aliposimuliwa aliomba: "Ewe Allah, na mikono yake pia isamehe." Imam Nawawi ameichukua hadithi hii kuwa dalili kwamba Mwislamu aliyejiua hatoki katika Uislamu. Basi ukitaka kumuombea kijana yule, muombee.

Swahiba wako usimswalie swala ya ghaibu, ile anayoswaliwa maiti aliye mbali. Kwetu Mashafii swala hiyo ipo, lakini ni ya maiti, na huyo asili yake ni uhai mpaka mauti yathibitike. Omdurman mawasiliano yamekatika mara nyingi, na watu kwa mamilioni wamehama, wengine Misri, wengine Chad. Muombee kama unavyomuombea aliye safarini, na usiache kuulizia kwa waliosoma nanyi.

Toub lake ni amana. Lifue, likunje, uliweke pasipo na unyevu, wala usilivae maana hukupewa ruhusa. Kisha andika kikaratasi, jina lake na la baba yake na mtaa wao, ukibandike hapo, na umuoneshe mtu mmoja wa nyumbani kwenu ili hata wewe ukitangulia ajulikane mwenyewe ni nani. Wallahu aalam.