Rufaa kwanza, malalamiko baadaye

Ndugu yangu, nimekuelewa: umeshindwa shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, hukumu ilitolewa siku 12 zilizopita, na kwa kuwa ulimwona hakimu akizungumza faraghani na mpinzani wako, huna tena imani na mahakama yoyote.

Nakusihi uanze na rufaa. Sheria ya Tanzania inakupa siku 30 tangu tarehe ya hukumu kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inaitambua haki hiyo. Omba leo, kwa maandishi, nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani. Katika shauri letu la madai nilizunguka ofisini nikilalamika hadi muda ukapita, ikanilazimu kuomba kuongezewa, jambo ambalo halina uhakika wa kukubaliwa.

Mwenendo wa hakimu upeleke kwa Kamati ya Maadili ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Ukiwa na dalili za rushwa, piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113. Hata hivyo, vyombo hivyo havitengui hukumu. Andika ulichokiona tu, pamoja na tarehe, saa na mashahidi, kwani mazungumzo peke yake si ushahidi wa hongo, na kumtuhumu mtu hadharani kunaweza kukuletea kesi nyingine.

Sababu za rufaa ziandikwe na mwanasheria. Usipomudu gharama, tafuta watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na ufanye hivyo wiki hii.