Jibu: Views laki mbili, mbona hela kiduchu?
Mkuu, umeuliza kwa nini video imetazamwa mara laki mbili na kilichoingia ni kiduchu. YouTube hailipi kwa kutazamwa, inagawana nawe pesa ya matangazo: asilimia 55 yako kwenye video ndefu, 45 kwenye Shorts. Na matangazo yenyewe yanauzwa kwa mnada. Anayemtaka mtazamaji wa Marekani anapanda dau kuliko anayemtaka wa Mbagala, na video ya mikopo au bima inavuta dau kubwa kuliko vichekesho (inauma, lakini ndivyo ilivyo). Unaongea Kiswahili, watazamaji wako wengi wako huku huku, kwa hiyo usijilinganishe na Mmarekani mwenye namba kama zako.

Halafu kaangalie fomu ya kodi kwenye AdSense, yaani akaunti ya Google inayokulipa hela ya YouTube. Usipoijaza wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yote, popote yalikotoka. Ukiijaza, sisi wa Bongo tunakatwa 30, ila kwenye pesa ya watazamaji wa Marekani tu. Video ikifika dakika 8 unaruhusiwa matangazo ya katikati, lakini usiyarundike, watu watakukimbia. Na malipo hayatumwi mpaka ufikishe dola 100.