Hopsi Mwanza: kwa nini huchanua ikiwa fupi, na namna ya kuivuna na kuikausha katika unyevu wa ziwani

Ndugu yangu wa Igoma, umeeleza kwamba hopsi (mmea unaopanda kamba, ambao maua yake hutiwa kwenye bia kuipa uchungu na harufu) uliyoipanda nyuma ya nyumba imechanua kabla haijafika hata kiunoni, kisha ikasimama kukua. Unauliza kama ni joto la Mwanza lililoidumaza, na kama maua hayo machache yanaweza kuzuia pombe yako ya mtama isichachuke mapema. Ninaotesha mmea huu hapa Buswelu kwa misimu kadhaa sasa, kwa ajili ya bia ninayopika nyumbani, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu maelezo mengi yanayopatikana yameandikwa kwa ajili ya wakulima wa Ulaya na Marekani, ambao tatizo lako hawalijui.

Joto halina kosa hapa. Kilichoidumaza hopsi yako ni urefu wa mchana. Mmea huu hustawi zaidi katika nchi zilizo kati ya nyuzi 35 na 55 za latitudo, ambako mchana wa kiangazi hufika saa 15 au 16, na kwa muda wote huo hopsi hurefuka tu bila kuchanua, hadi mchana unapoanza kupungua ndipo maua hutokea. Sisi tuko nyuzi 2 na nusu hivi kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana wetu mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki dakika 20. Kwa hiyo kila siku ya Mwanza huuambia mmea kwamba msimu unakwisha, nao ukishapata vifundo vya kutosha kwenye shina hukimbilia kuchanua ukiwa bado mfupi. Hata Afrika Kusini, katika eneo la George lililo nyuzi 34 kusini, wakulima walilazimika kwa miaka mingi kuwasha taa mashambani usiku, mpaka watafiti wao walipozalisha aina zisizotegemea sana urefu wa mchana, kama Southern Star. Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua aina za huko kabla ya kufikiria aina ya Kimarekani iitwayo Cascade, ingawa nazo hazikuzalishwa kwa ajili ya watu wa ikweta.

Dawa yake, basi, ni taa. Mmea hupima urefu wa giza, na mwanga hafifu unatosha kuuhadaa, kwa sababu hapa hatutafuti mwanga wa kuulisha. Ukiweza kusoma gazeti chini ya majani, mwanga unatosha. Mimi hutumia balbu nne za LED za wati 9, zenye mwanga wa manjano, kwa kuwa huo una wekundu mwingi kuliko mwanga mweupe, na wekundu ndio unaosikiwa na mmea. Jua letu huzama karibu na saa 1 usiku. Taa ziwake kuanzia hapo hadi saa 5 na nusu, na mchana wa mmea utakuwa umefika saa 16 na zaidi. Gharama yake haifiki uniti tano za Luku kwa mwezi. La kuangalia ni umeme kukatika: usiku mmoja wa giza hautaharibu kitu, lakini zikifuatana siku kadhaa mmea huanza kutunga maua, kwa hiyo weka taa ya sola ya akiba.

Kuna jambo ambalo hakuna mwongozo wa Ulaya utakaokuambia, nalo ni wadudu wa ziwani. Siku za mwezi mwandamo wanapopanda kutoka majini kama moshi, balbu yoyote iliyo nje huwaita, na asubuhi unakuta majani ya juu yamefunikwa na utando wa vijidudu vilivyokufa, vyenye kunata na kutoa harufu ya samaki. Usiviache vikaoza juu ya majani. Tikisa kamba ambayo mmea umeipanda mapema kabla umande haujakauka au vioshe kwa maji, na ziweke balbu kando ya mmea, si juu yake, ili wengi waangukie chini, ambako kuku watawashughulikia.

Niongeze neno kuhusu majirani. Hopsi na bangi ni za familia moja ya mimea, na habari hiyo ikimfikia mtu ambaye kila usiku anaona taa zinawaka juu ya mmea asioujua, maneno yatazunguka mtaani. Majani ya hopsi yanafanana zaidi na ya mzabibu, na mmea hauna kilevi cha bangi. Hata hivyo, ni vyema mwenyekiti wa mtaa aje auone mapema kwa macho yake. Na kama ulileta kipande cha mzizi kutoka nje ya nchi, kibali cha kuingiza mimea hutolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, nacho huambatana na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi mzizi ulikotoka.

Faida moja tunayo ambayo wenzetu wa kaskazini hawana: kwa kuwa msimu wa hopsi yetu unaongozwa na swichi, tunaweza kuchagua mwezi wa kuvuna. Mimi huanza kuwasha taa Februari machipukizi yanapotoka, na huzizima mwanzoni mwa Mei, mmea ukiwa umeshafika juu ya kamba. Maua huanza baada ya hapo, na hukomaa kati ya mwisho wa Juni na Julai, wakati mvua zimekwisha na hewa ni kavu. Aliyezima taa Januari atavuna katikati ya masika, na maua yake yataingia ukungu yakiwa bado juu ya kamba. Huo wako uliodumaa usiung'oe. Ukishachuma hayo maua, ukate hadi karibu na ardhi, upunguzie maji, na msimu wa taa ukikaribia uupe samadi iliyooza; mizizi iliyobaki itachipua upya.

Kuhusu udongo sina mengi. Ardhi yetu ya kichanga kati ya mawe haishiki maji, kwa hiyo chimba shimo pana, changanya samadi na mboji, kisha weka matandazo. Chagua machipukizi mawili au matatu kwa kila kamba na ukate mengine. Kamba ya katani inafaa kuliko ya nailoni kwa sababu mmea hujishikiza kwa vinyweleo vidogo, navyo huteleza kwenye nailoni. Zungusha chipukizi kama mshale wa saa unavyokwenda, ukitazama kutoka juu. Ukilizungusha kinyume, litajifungua lenyewe. Mmea ukishakuwa mrefu ondoa majani ya chini, kwa sababu ubwiri unyoya, ugonjwa wa ukungu kwenye majani, huanzia huko wakati wa masika. Kiangazi adui ni utitiri mwekundu, uleule unaosumbua nyanya, nao hupenda vumbi na ukavu. Kunyunyizia maji upande wa chini wa majani huupunguza. Panda kwa mizizi ya mmea jike, maana mbegu zitakupa pia madume, na hayo hayana maua tunayoyataka.

Sasa uvunaji, ambapo watu wengi hupoteza walichokipata. Ua la hopsi lililokomaa hulijui kwa ukubwa wala kwa tarehe. Libinye kwa vidole viwili: likiwa bichi linabaki limebonyea na lina ubaridi wa majimaji; likikomaa linarudi lilivyokuwa, linatoa sauti ya karatasi, na ncha za magamba yake zimeanza kugeuka kahawia. Kisha lipasue kwa urefu. Kwenye kitako cha kila gamba utaona unga wa kunata unaoitwa lupulini, na humo ndimo uchungu na harufu vilimo. Ukiwa na rangi ya njano iliyopauka, subiri. Ukiwa wa njano iliyokolea na ukinusa unapata harufu kali ya ndimu na utomvu, chuma siku hiyohiyo. Ukiwa umeelekea rangi ya chungwa na harufu imekuwa ya kitunguu saumu, umechelewa. Maua ya juu hutangulia yale ya chini, kwa hiyo vuna kwa awamu badala ya kukata mmea wote kwa pamoja. Vaa mikono mirefu, kwa maana shina lake hukwaruza ngozi na kuacha mistari inayowasha.

Ua lililochumwa lina maji karibu asilimia 80, na linatakiwa libakiwe na asilimia 8 hadi 10. Maana yake ni kwamba kilo moja mbichi itakupa gramu 220 hivi za hopsi kavu, na mizani ya jikoni itakueleza ulipofikia. Mtu wa Mwanza aliyezoea kuona dagaa wakianikwa Mwaloni atataka kuyatandaza juani, na hilo ndilo la kuepuka, kwa sababu jua huharibu uchungu na kufukuza harufu. Tandaza safu nyembamba juu ya wavu wa dirisha uliowambwa kwenye fremu, ndani ya chumba chenye giza, na uelekeze feni ipulize kutoka chini ya wavu. Ukitumia joto lolote, lisivuke nyuzi 60 za Selsiasi. Mchana hewa yetu ya Julai hukausha vizuri, lakini alfajiri unyevu wa ziwa hurudi na maua huunyonya, kwa hiyo yapime alasiri wala si asubuhi. Kipimo cha kweli ni kile kijiti cha katikati ya ua: magamba hukauka kwanza na kukudanganya, ilhali kijiti bado kinapinda. Kikivunjika kwa mlio, funga maua kwenye mfuko, toa hewa yote unayoweza na uweke kwenye friza. Hopsi iliyoachwa kabatini kwenye joto letu hunuka jibini iliyooza baada ya muda mfupi. Na mbwa wasiyafikie maua wala mabaki ya sufuriani, kwa kuwa hopsi huwapandisha joto la mwili kiasi cha kuwaua.

Nirudi kwenye pombe ya mtama. Ni kweli kwamba hopsi huzuia bakteria, lakini huzuia hasa wale wa asidi ya laktiki, ambao ndio wanaoipa pombe ya mtama ule ukali ambao wanywaji wake wanaupenda. Bakteria wa siki hawaijali, kwa hiyo usafi wa vyombo na kufunika pipa haviepukiki. Isitoshe, maua yaliyotiwa tu katika pombe iliyopoa hayatoi uchungu wa maana, kwa sababu asidi zake za alfa, ambazo ndizo chanzo cha uchungu, hazina budi kuchemshwa, takriban saa nzima, ndipo zigeuke na kuyeyuka ipasavyo. Wachaga hupata uchungu wa mbege katika gome la msesewe, na Waethiopia wa tella katika majani ya gesho; kwa mtama, mimi ningeacha kwanza uji wa kimea uchachuke kiasi unachotaka, kisha ningeuchuja, ningeuchemsha na hopsi, ningeupoza na ndipo ningetia hamira.

Kwa bia ya shayiri ya lita 20, gramu 30 za hopsi kavu yenye asidi za alfa asilimia 5 na nusu, zikichemshwa saa moja, hutoa uchungu wa vipimo 20 hivi vya IBU (kipimo cha uchungu wa bia), ambao ni wa wastani. Ugumu ni kwamba hopsi ya nyumbani haina kibandiko cha kukueleza asilimia hiyo. Ndiyo maana uchungu huutoa kwenye hopsi ya pakiti, na ya kwangu huiweka dakika tano za mwisho, kwa ajili ya harufu.

Hayo maua machache uliyonayo hayatoshi kukausha. Yakishakomaa, yachume asubuhi ya siku unayopika na uyatumie mabichi, ukikadiria uzito mara nne au tano ya ule wa hopsi kavu, na ujaribu kwenye sufuria ya lita tano kabla ya kugusa pipa lote.