Nilianguka kando ya jiko, na nyumbani wanataka tunyamaze hadi ndoa ipite

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 22, ninaishi Ngamiani hapa Tanga kwa mama mdogo, na kila asubuhi tunauza vitumbua na chai. Wiki mbili zilizopita, alfajiri, nilianguka kando ya jiko. Sikumbuki chochote; nilizinduka nimelazwa mkekani, ulimi unauma, nguo zimelowa. Binamu yangu anasema nilipiga ukelele, nikakakamaa, kisha nikatikisika mwili mzima na povu likanitoka. Walinitia kijiko mdomoni na kuninusisha kitunguu. Zahanati walinipima malaria, haikuonekana, wakanitundikia dripu na kuniambia ni uchovu. Kweli usiku ule sikulala zaidi ya masaa mawili, tulikuwa na oda ya shughuli. Sijawahi kuanguka kabla ya hapo, ila tangu niko sekondari, asubuhi nikiamka, mikono hunishtuka ghafla nikaangusha kikombe, na nyumbani huniita mzembe. Mama mdogo amewakataza wote wasiseme, kwa sababu nimeshachumbiwa na ndoa ni miezi mitatu ijayo. Anataka nipelekwe kwa fundi, yule mganga, nikatazamwe. Je, hiki ni kifafa? Nisubiri nione kama kitarudi? Na mchumba wangu nimwambie?*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Kuzinduka ukiwa umezungukwa na watu wanaojua kilichokupata wakati wewe mwenyewe hujui ni jambo la kutisha na la kutia aibu hata kama hukukosa lolote. Siwezi kukuambia kutoka kwenye barua kwamba una kifafa au huna, na mtu yeyote atakayekutajia jina la ugonjwa bila kukuhoji na kukupima usimsadiki. Ninachoweza kukuambia ni kwamba usisubiri kuona kama kitarudi, na kwamba amri ya kunyamaza aliyoitoa mama mdogo, ingawa ameitoa kwa kukupenda, ndiyo itakayomzuia daktari kujua una nini.

Nianze na swali lako la kwanza. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo unaopita kutoka chembe moja kwenda nyingine, na umeme huo ukivurugika kwa pamoja, mtu hupoteza fahamu na mwili hukakamaa na kutikisika. Hilo linaweza kumpata mtu yeyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi watu 10 katika kila 100 hupatwa na tukio la namna hiyo angalau mara moja maishani, na wengi wao hawana kifafa. Mwingine ilikuwa ni sukari iliyoshuka, mwingine malaria kali, homa ya uti wa mgongo, chumvi iliyopungua katika damu, jeraha la kichwa, pombe iliyokatishwa ghafla au vidonge vya maumivu kama tramado. Kifafa kwa kawaida hutajwa pale mtu anapopatwa mara mbili au zaidi, kwa kupishana zaidi ya saa 24, bila chanzo cha papo hapo kama hivyo nilivyovitaja. Hata hivyo, daktari anaweza kukitaja baada ya mara moja tu, iwapo maelezo na vipimo vinaonyesha kwamba uwezekano wa kurudi ni mkubwa, na ndiyo sababu ninakuhimiza uende sasa. Hatari ya kurudi huwa kubwa zaidi katika miaka miwili ya mwanzo, na wewe kazi yako ni moto na mafuta.

Sasa nisikilize vizuri katika hili, maana ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Hakuna kipimo cha damu kinachosema huyu alianguka kifafa. Daktari hujenga hukumu yake, kwa sehemu kubwa, juu ya maelezo ya mtu aliyeona. Wewe hukuona, binamu yako ndiye aliyeona, na kwa hiyo binamu yako ndiye anayepaswa kukaa kwenye kiti cha pili ndani ya chumba cha daktari. Ataulizwa kama macho yalikuwa wazi au yamefumba, kama kichwa kiligeukia upande mmoja, kama mkono mmoja ulitangulia kutikisika kabla ya mwingine, kama midomo ilibadilika rangi, na kama ulipozinduka uliwatambua mara moja au ulikaa ukiwatazama kama wageni. Ulimi ulioumwa aulizwe nao: ni ncha au ni ubavuni? Mtu aliyezimia kwa kawaida huwa amesawijika, hulegea, na akilazwa chini hurudiwa na akili baada ya muda mfupi, ilhali aliyepatwa na alichokieleza binamu yako huamka polepole, amechanganyikiwa, viungo vinamuuma kama aliyepigwa.

Muda nao ni tatizo, kwa sababu aliyeshuhudia atakuambia ilikuwa nusu saa, na kwa woga aliokuwa nao ni haki yake kuona hivyo, wakati matukio mengi ya aina hii huisha ndani ya dakika tatu. Usimuulize binamu yako ilichukua dakika ngapi. Muulize vitumbua vilivyokuwa kwenye kikaango vilikuwaje watu walipovikumbuka: vilikuwa havijageuzwa, vimeungua upande mmoja, au vimekuwa makaa? Yeye anajua kitumbua huchukua muda gani kuiva, na jibu lake litakuwa la kuaminika kuliko saa ya kukisia. Yaandikeni hayo kwenye karatasi leo, kabla kumbukumbu haijachanganyika na maneno ya majirani.

Kuna sentensi moja katika barua yako uliyoipitisha kama jambo dogo la nyumbani, nayo ni ile ya mikono kushtuka asubuhi na kuangusha vikombe. Hilo huenda si uzembe hata kidogo. Ipo aina ya kifafa inayoanza ujanani ambayo dalili yake ya kwanza ni mishtuko ya namna hiyo, hasa saa chache baada ya kuamka, na hasa mtu akiwa hajalala vya kutosha. Sisemi ndicho ulicho nacho. Nasema daktari asipoambiwa hatauliza, na asipojua anaweza kukuandikia dawa isiyokufaa, kwa sababu baadhi ya dawa za kifafa zinazotumika sana, zikiwemo kabamazepini na fenitoini, zinaweza kuizidisha mishtuko hiyo badala ya kuipunguza. Mwambie ilianza ukiwa kidato cha ngapi, hutokea mara ngapi kwa wiki, na kama siku za kulala kidogo huwa mbaya zaidi.

Uende wapi, basi? Zahanati ilikupima malaria, na hilo lilikuwa sawa, lakini dripu haikuwa matibabu ya kilichokupata na neno uchovu halikuwa jibu. Omba rufaa uende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ukiwa na karatasi yako na binamu yako. Usishtuke ukielekezwa kliniki ya afya ya akili. Katika hospitali zetu nyingi ndiko wagonjwa wa kifafa wanakofuatiliwa, na kukaa kwenye benchi lile hakukufanyi kuwa mwendawazimu. Utapimwa sukari na damu, pengine na umeme wa moyo, kwa kuwa moyo unaokwenda mrama nao huangusha watu. Utaulizwa kuhusu ujauzito na kuhusu VVU, na usiyachukue maswali hayo kama tusi, kwa sababu kifafa cha mimba kina tiba yake ya haraka, na maambukizi ya ubongo kwa mwenye kinga iliyoshuka yana tiba yake. Huenda ukaandikiwa picha ya kichwa, au kipimo cha mawimbi ya umeme wa ubongo kiitwacho EEG, ambacho hakipatikani kila hospitali na kinaweza kukupeleka Muhimbili au KCMC. Kipimo hicho hakiumi: unabandikwa nyaya ndogo kichwani na kulala kitandani, basi. Likija jibu kwamba hakikuonyesha kitu, usilipokee kama hati ya uzima, maana wapo wenye kifafa ambao siku ya kipimo mawimbi yao yalikuwa shwari.

Inawezekana daktari asikupe dawa yoyote, akakutaka tu urudi kwa uchunguzi, na hilo si kupuuzwa. Akikupa, mwambie wazi kwamba unaolewa karibuni na unatarajia watoto. Dawa iitwayo valproeti hutuliza vizuri aina nyingi za kifafa, lakini mtoto 1 kati ya 10 hivi wa mama anayeitumia huzaliwa na kasoro ya maumbile, na wengine wengi huchelewa kujifunza. Kwa hiyo msichana wa umri wako anastahili kuulizwa kwanza na kutafutiwa nyingine kama ipo. Zipo pia dawa za kifafa zinazopunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Na ukishaanza dawa, usiiache ghafla kwa sababu umejisikia vizuri, kwani kuiacha ghafla kunaweza kuleta matukio makali kuliko la kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi, jambo ambalo majirani hawatakuambia.

Kuhusu kwenda kwa fundi, sitamsema vibaya mama yako mdogo, na kama nyumbani mnataka kusoma dua, someni. Dua haigongani na hospitali. Ninachokikataa ni kuifanya ramli itangulie, na ninakikataa zaidi kile kinachoweza kufuata, yaani kupungwa pepo. Ngoma ya usiku kucha, moshi wa ubani puani, tumbo tupu na macho makavu hadi alfajiri: ukitaka kumwangusha tena mtu ambaye ubongo wake umeshindwa kustahimili usiku mmoja wa kukesha, usingepanga vingine. Kisha aanguke mbele ya fundi, na watu waseme shetani amepanda.

Wakati unasubiri daktari, linda usingizi wako. Ninajua mchele wa vitumbua unasagwa usiku na jiko linawashwa saa kumi, lakini basi mmoja wenu akeshe na si wewe, au lala mara baada ya swala ya isha na oda za shughuli zipite kwanza. Usisimame kwenye moto na mafuta. Kaa upande wa chai, na birika la moto alibebe mwingine. Oga kwa ndoo na kata, mlango bila komeo. Baharini, hata pale Raskazone penye watu, usiingie. Nyuma ya bodaboda usipande.

Na wafundishe wa nyumbani, kwa sababu walichokifanya siku ile, ingawa kilitokana na huruma, kingeweza kukuvunja meno. Mtu akianguka hivyo hatiwi kijiko, kidole wala kitambaa mdomoni, ulimi haumezwi. Kitunguu, kiatu na moshi wa kiberiti havizindui mtu. Asishikwe kwa nguvu wala asinyweshwe maji. Asogezwe mbali na moto, awekwe kitu laini chini ya kichwa, na mtikisiko ukipungua alazwe ubavu ili mate yatoke. Povu lenyewe ni mate tu, halimwambukizi anayemgusa, na kama wapo waliorudi nyuma siku ile, wangeweza kukusaidia bila hofu. Mmoja aangalie saa, na mwingine, usalama ukishapatikana, achukue video kwa simu, kwa ajili ya daktari na si kwa ajili ya kundi la WhatsApp. Ikipita dakika 5 bila kukoma, au ukianguka tena kabla hujazinduka, ukimbizwe hospitali saa ileile. Vilevile usisubiri siku ya kliniki ukipata homa yenye shingo kukakamaa, maumivu makali ya kichwa au upande mmoja wa mwili kulegea.

Limebaki la mchumba. Mama mdogo anahesabu kwamba ukinyamaza miezi mitatu jambo litakuwa limeisha. Mimi nahesabu kwamba ukianguka mwezi wa kwanza wa ndoa, mume ambaye hajui kitu atakutia kijiko mdomoni, kisha atauliza nani mwingine alijua, na atagundua kwamba walijua wote. Mwambie kabla ya akdi, ila usimwambie leo, kwa sababu leo huna la kumwambia zaidi ya hofu. Nenda kwanza kwa daktari, upate maelezo, kisha umwite mbele ya mtu mzima mnayemheshimu wote wawili, umweleze kilichotokea, hospitali walichosema na dawa uliyopewa kama ipo. Akiwa na maswali, na aje nawe kliniki siku ya kurudi, amuulize daktari mwenyewe.