Hamali hajui kilicho ndani ya gunia

Salamu mhariri na wasomaji wenzangu. Swali lenu la wiki hii, eti utandawazi umetuletea uhalifu wa kuvuka mipaka na ugaidi au tunausingizia tu, limenikuta barazani na kahawa chungu nikasema hili silipiti, manake nimefanya klaringi, kazi ya kuwatolea watu mizigo forodhani, hapa bandari ya Kilindini, Mombasa, miaka mingi. Kwangu mimi utandawazi ni hamali. Umtwike mchele atabeba, umtwike balaa atabeba, gunia limeshonwa yeye atajuaje?

Wengi hudhani kontena likishuka melini linafunguliwa. Wapi! Meli moja inashusha mamia, ukisema yafunguliwe yote foleni ya malori itafika Mariakani na Kampala watalala bila mafuta ya kupikia, kwa hivo mengine yanapigwa skana, machache yanafunguliwa, na mengi yanapita kwa makaratasi. Sili ya mlangoni ipo, manifesto, ile orodha ya mizigo ya meli, iko sawa, ushuru umelipwa, twende. Anayejua kucheza na karatasi hana haja ya bunduki.

Mnazikumbuka zile pembe za ndovu za 2015? Aprili Thailand wakashika kama tani 3, Mei Singapore wakashika zaidi ya tani 3.5, zote zimetoka hapa kwetu na karatasi zinasema majani ya chai. Chai jamani! Aliyefikiria hilo simsifu lakini akili anayo, manake mnada wa chai uko hapahapa Mombasa, ya Kenya, ya Uganda, ya Rwanda, ya Malawi, zote zinapita hapa, sasa kontena la chai kutoka Mombasa nani atalishuku? Ni kama kumshuku muuza mahamri kwa kunukia iliki.

Unga, yaani dawa za kulevya, ndo kabisa. Heroini inatoka Afghanistan, inapakiwa majahazini pwani ya Makran kule Iran na Pakistan, inateremka na kaskazi, njia ileile waliyokuja nayo wazee na tende zao, kwa hivo mtu asiniambie haya ni mambo ya intaneti. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilishika zaidi ya tani 1 kwenye jahazi moja nje ya pwani yetu. Mzigo mwingi safari yake ni Ulaya, lakini unga ukipita mahali lazima umwagike, nenda maskani uone mateja. Sheria nayo ilipanda ndege: ndugu wawili wa ukoo wa Akasha, wauza unga wa hapa Mombasa, walichukuliwa na Wamarekani Januari 2017 wakahukumiwa New York, mmoja miaka 25 mwengine 23, na kati ya waliyoyakiri ni kuhonga maafisa wa huku kwetu.

Ugaidi tumeuonja mapema, Kikambala, kaskazini ya Mombasa, Novemba 2002, hoteli ya Waisraeli ikalipuliwa na asubuhi hiyohiyo ndege ya Waisraeli ikarushiwa makombora yakaikosa. Ugomvi wa mbali huko, na waliokufa wengi ni Wakenya, wakiwemo wacheza ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni.

Sasa kinachonikera ni dawa yenyewe. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, watu 148 wakauawa, serikali ikazifungia kampuni 13 za hawala, zile za kutumiana pesa bila benki, ati pesa za magaidi zikatike. Jirani yangu ni mama wa Kisomali, mwanawe yuko Minnesota, kodi ya nyumba na skuli ya wajukuu vyote vinatoka huko. Siku zote alikuwa anakwenda hawala na kitambulisho chake, jina linaandikwa, anapewa risiti. Zilipofungwa pesa hazikukatika, zikawa zinakuja na abiria wa ndege mpaka Nairobi halafu na mtu wa basi, ndani ya bahasha, usiku. Mimi mwenyewe nilimsindikiza mara mbili Mwembe Tayari kuzipokea, na hakuna aliyetuuliza jina.