Tanki la lita 60: samaki gani wakae pamoja bila kuuana?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi niko Mbagala, mwezi huu nimenunua tanki la kioo sentimita 60 kwa 30, urefu wa kwenda juu 35. Dukani wakanipangia goldifishi wanne, enjelifishi wawili, neoni tetra sita na saka mmoja wa kusafisha kioo. Maji natumia ya kisima. Wiki mbili tu neoni wamebaki wawili na sijaona maiti hata moja, goldifishi wanahema juu juu, maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Nimekosea wapi, na niweke samaki gani wasiouana? Mtoto ananiuliza kila asubuhi kama wamebaki wangapi.

JIBU: Salama dada yangu, na pole. Neoni wako wa watu, hao wameliwa. Enjelifishi ana sura ya upole na anaogelea kwa madaha lakini kule Amazoni wanakotoka wote wawili neoni ni kitoweo chake, na kitoweo huwa hakibakizi maiti. Akiwa mdogo kama sarafu haonyeshi, akikua tu mdomo ukatosha, basi usiku mmoja anapungua mmoja. Kwa samaki hii ndo sheria ya kwanza, kinachoingia mdomoni ni chakula, hata wawe wamekua pamoja tangu vifaranga.

Sasa goldifishi. Huyu ndo anauzwa sana na ndo anaonewa sana. Asili yake China, anapenda maji ya ubaridi, nyuzi 18 mpaka 22 hivi, wakati hapa Dar tanki likikaa tu sebuleni bila hita linagonga 28, na maji yakiwa ya moto yanabeba oksijeni kidogo, na yeye mwenyewe anakula sana anachafua maji kama bata, akikomaa anapita sentimita 15 kirahisi. Wanne hao kwenye tanki lako ni kama familia nzima kwenye bajaji. Piga hesabu, 60 kwa 30 kwa 35 ni lita 63, ila hujazi mpaka ukingoni, toa na kokoto, umebaki na kama lita 50 za maji kweli. Na yule saka ndo kichekesho, anafika sentimita 40 na zaidi, tanki lako upana ni 30, atageukia wapi? Halafu usiku akikosa mwani anawanyonya goldifishi ule ute wa mwilini, watu wanaamka wanakuta samaki ana vidonda wanadhani ni ugonjwa.

Ila kuhema juu juu na maji meupe hilo ni jambo lingine, na hapo kosa sio lako, hukuambiwa. Tanki jipya halina bakteria wa kazi. Mavi ya samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia, inaunguza mashavu, samaki anakimbilia juu. Bakteria wanaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo kwa kiasi kidogo haina shida. Hao bakteria wanachukua wiki nne mpaka sita kujijenga ndani ya sponji ya filta na kwenye kokoto, wewe umeweka samaki 13 siku moja. Kwa hiyo leo hii punguza chakula, mara moja kwa siku na kidogo tu, badilisha robo ya maji kila siku mbili mpaka yatulie, na tafadhali usioshe sponji kwa maji ya bomba, yana klorini inaua bakteria wote unaanza upya. Ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tanki, basi.

Wengi wanachagua samaki kwa rangi, mi nasema anza na maji yako. Maji ya kisima ya pwani mara nyingi ni magumu, fua nguo uone, sabuni ikikataa kutoa povu na birika linapiga utando mweupe ujue ni hayo. Neoni anataka maji laini na ya ubaridi kidogo, usimlazimishe. Wanaoyapenda maji yako ni gapi, plati na moli, na wote ni wapole. Moli anavumilia mpaka maji yenye chumvi, kwa hiyo kama kisima chako ni kile ambacho hata chai hainyweki, bakia na moli tu. Kwa lita 50 mi ningeweka gapi madume sita na plati watatu, hapo nimefika. Nasema madume makusudi, gapi jike anazaa kila baada ya kama mwezi na anatunza mbegu za dume tumboni kwa miezi, unanunua jike mmoja peke yake unashangaa ana vifaranga. Ukitaka wazae sawa, dume mmoja majike wawili au watatu, ila uwe na pa kuwapeleka watoto.

Kuna chaguo lingine ambalo mimi binafsi nalipenda kuliko yote na ni la nyumbani kwetu kabisa. Ziwa Tanganyika lina visiklidi, samaki wadogo wa jamii ya sato, vinavyoishi ndani ya magamba matupu ya konokono, jina la kitaalamu Neolamprologus multifasciatus, dume hafiki hata sentimita 5. Maji ya lile ziwa ni magumu. Weka mchanga laini kama sentimita 5, magamba 15 hivi, samaki sita, usichanganye na mwingine. Wanachimba, wanagombana mipaka, wanalea watoto mlangoni, mtoto wako atasahau katuni. Ila usidanganywe na mbuna wa Ziwa Nyasa kwa ile bluu na njano yao, wale ni wagomvi, chini ya lita 200 wanamalizana.

Beta dume, yule samaki mpiganaji, je? Anafaa, ila akae mwenyewe, maana akimwona gapi mwenye mkia mrefu atadhani ni beta mwenzake.

Goldifishi, enjelifishi na saka rudisha dukani au mpe mtu mwenye tanki kubwa, usiwamwage mtoni. Hao neoni wawili waende kwa mwenye maji laini. Halafu acha filta inatembea bila samaki, unatupia punje chache za chakula ili bakteria wasife njaa, baada ya wiki nne weka gapi watatu kwanza, wiki mbili mbele waliobaki. Umeme ukikatika muda mrefu chota maji na kikombe uyamimine kutoka juu mara kwa mara, au nunua pampu ya betri. Hiyo kazi ya kikombe mpe mtoto.