Mashavu ya Mpuliza Kioo

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama filamu iliyolipiwa na kiwanda ili kijitangaze inaweza kuitwa sanaa, mkatolea mfano "Philips Radio", filamu ya kiwanda cha redio cha Philips, aliyoipiga mtengeneza filamu Mholanzi Joris Ivens kule Eindhoven, Uholanzi, mwaka 1931. Mimi kinachonikera ni kingine: nani aliondolewa kabla kamera haijawashwa?

Mwaka 1984 nilikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja cha nguo Dar es Salaam, upande wa kufuma. Tukaambiwa wapiga filamu wanakuja. Asubuhi hiyo sakafu ilipigwa deki mara mbili, na vumbi la pamba, lile la kulala kwenye kope, likafagiliwa mpaka juu ya mabomba. Msimamizi akapita akitukagua. Shati langu lilikuwa limechanika kwapani. "Wewe kijana, kakae stoo." Mashine yangu akapewa karani wa mishahara, shati jeupe pee, mtu ambaye hajawahi kufunga uzi maishani mwake. Nikawa nachungulia mlangoni. Uzi ukakatika, mashine ikasimama, karani kang'ang'ania tabasamu lake. Mzee aliyenifundisha kazi akapenyeza mkono kutoka pembeni, akafunga fundo bila hata kutazama, kitambaa kikaendelea kushuka. Mpiga picha akamwomba mzee asogee: mkono wake unaharibu picha!

Kwa hiyo nilikaa kuwaandikia "hapana". Ivens naye alikuwa kwenye kazi aliyolipwa na Philips. Wafanyakazi wanaishije wakitoka getini, kwenye filamu yake hamna. Hata msimulizi hamna, ni milio ya mashine na muziki wa Lou Lichtveld.

Lakini binti yangu akaniwekea kipande cha filamu hiyo kwenye simu, nikawaona wapuliza kioo. Mtu ana bomba mdomoni, mashavu yamevimba kama ya chura, na kamera imemsogelea mpaka unajikuta na wewe umebana pumzi. Hakuna tabasamu pale. Nilirudia mara tatu, chai ikapoa.

Haya, ni sanaa, walau hapo kwenye mashavu. Filamu nzima ni kama dakika 36, na nyingi kati ya hizo bado naziita tangazo. Na sijui mangapi yalifichwa stoo siku hiyo. Yule mzee wangu angeiona angeuliza kitu kimoja tu: huyo bwana analipwa kwa kipande au kwa siku?